Mawe Yanayotaja Baba

Mie niliajiriwa kwa sababu ya ujinga wangu, na bibi aliyeniajiri aliniambia hivyo hivyo, uso kwa uso, bila ya haya. "Nataka mtu asiyejua hata neno moja la lugha hizi," alisema. "Anayejua huona anachotaka kukiona. Wewe utanakili kilichopo." Nilikuwa nimeshafukuzwa kazi ya kukata tiketi kwenye basi kwa kujibizana na abiria, na Landani nzima hapakuwa na mtu mwengine aliyekuwa ananitaka. Ila hati yangu ilikuwa nzuri, hati ya mtoto aliyechapwa kwenye chuo cha Kurani mpaka alifu yake ikasimama wima. Nikakubali.

Bibi huyo alikuwa profesa, mzee, mwembamba, ana sweta moja kwa majira yote. Maisha yake aliyamaliza kuchunguza majina ya Wakelti, watu waliokaa visiwa hivi na ng'ambo ya pili, Ufaransa, zamani sana, kabla ya huyu Mwingereza kujulikana. Watu hao waliandika kidogo mno. Walichotuachia ni mawe, na mawe yenyewe yana neno moja tu la kusema: hili ni la fulani, mwana wa fulani. Basi. Hayasemi alikufa lini, hayasemi alikuwa mwema au mwizi. Kwenye mawe ya Ireland na Wales ni mikwaruzo iliyochongwa ukingoni, unaisoma kutoka chini kwenda juu, na kati ya majina mawili pana neno lenye maana ya mwana, kama sie tunavyosema bin. Kwenye mawe mengi ya Ufaransa neno hilo hulioni. Jina la baba linapachikwa mkia, na mkia ndio unaokwambia huyu katoka kwa yule. Bibi alikuwa akiwinda mikia hiyo miaka arubaini.

Wanafunzi wake walikwenda huko mashambani, wakabandika karatasi mbichi juu ya jiwe, wakaipigapiga kwa brashi mpaka ikaingia kwenye kila mchubuko, wakaiacha ikauke. Karatasi hizo zikaletwa kwangu. Kazi yangu kunakili kila alama kwenye kadi, na pale palipomomonyoka niache wazi, nisijaze. Mawe mengine jina la mwenyewe lilikuwa limekatika kabisa na lililobaki ni la baba tu. Mtu hajulikani, baba yake anajulikana. Nilikuwa nikizitazama sana kadi hizo.

Chumba chetu kilikuwa chini ya ardhi. Dirisha moja, lina nondo, na kupitia nondo unaona miguu ya watu wanaopita njiani, hadi magoti. Miaka minane nilikaa mle nikaijua Landani kwa viatu vyake. Asubuhi natoka Thamesmead kwenye majumba yale ya zege, naingia kwenye treni, nashuka, nateremka ngazi, nafungiwa. Jioni narudi zege. Sikulalamika, maana mtu mwenye jambo la kuficha hupenda chumba kisicho na wageni.

Sasa jambo lenyewe nilieleze. Majina sitayataja, nshapata nayo taabu ya kunitosha.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama Unguja, zama za serikali ya zamani. Yalipopita mapinduzi alikamatwa, akaachiwa, akaambiwa kila wiki aende akaripoti, na sote tukajua kwamba safari ya pili hatoachiwa. Mie nilikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wake wa pekee, mama keshafariki. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mshona viatu asiyemjua mkubwa yeyote wala kujulikana na yeyote, na yeye alipata ruhusa ya kuvuka kwenda Mombasa na watoto wake. Baba akanikalisha sebuleni. "Kuanzia leo wewe mtoto wa mdogo wangu," akasema. "Haya, taja jina lako." Nikataja langu, nikasema bin, nikafika kwenye jina la baba nikasita. Akanizaba kibao, naye hakuwa mtu wa kupiga. Akaniuliza tena. Siku tatu akaniuliza, nikila, nikitawadha, akaniamsha usingizini akaniuliza, mpaka nikawa nalitaja jina la ami kama ninavyotaja siku za juma. "Ukisita hata kidogo," akasema, "umetumaliza sote." Bandarini nikaulizwa, sikusita.

Nilidhani ni koti la kuazima, nitalivua nikishafika. Ah wapi! Kila karatasi ilizaa karatasi nyengine. Mombasa nikapata cheti kwa jina hilo, kwa cheti nikapata pasi, kwa pasi nikaingia Uingereza, na Waingereza nao, kwa desturi yao, jina la mwisho ndilo wanalokuitia. Basi bibi profesa kila asubuhi ananisabahi kwa jina la ami yangu. Benki ami yangu, kliniki ami yangu. Nilipooa, mke wangu, Mzanzibari mwenzangu na mwenye ulimi wa wembe, kapelekwa wodini anakofanya kazi kapachikwa kifuani kibati chenye jina hilo hilo. Kwetu mke haachi jina la baba yake, sasa yeye kaachishwa la baba yake kapewa la mtu asiyemjua. "Kumbe mie nimeolewa na ami yako!" akasema. Tangu siku hiyo akiniudhikia husema, "Nenda kamwambie ami yako chakula tayari."

Mtoto wetu wa kiume alipozaliwa tukampa jina la baba yangu. Kwetu ndivyo ilivyo, wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Jina la mzee lilikuwa halina pa kukaa katika nchi hii ila hapo, juu ya kitoto kinachosikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia. Siku moja bibi alikuwa na mawe mawili ya bonde moja, amekaa nayo wiki nzima. Jiwe la kwanza lilitaja mtu na baba yake. La pili lilitaja majina yale yale mawili, lakini yamepinduka: aliyekuwa baba sasa ni mwana, aliyekuwa mwana sasa ni baba. Yeye alishaandika kwamba mchongaji wa pili alichanganyikiwa. Mie, mjinga niliyeajiriwa kwa ujinga, nikainua kichwa. "Hakuchanganyikiwa," nikasema. "Hao ni watu watatu. Babu, baba, mjukuu. Mjukuu kapewa jina la babu. Jiwe la kwanza la baba, la pili la mjukuu."

Bibi akanitazama kama ambaye kiti kimemsemesha. Akainuka, akafungua masanduku, tukashinda kutwa tukipanga kadi sakafuni, magoti yanatuuma, na kila baada ya muda anapiga kelele ya furaha. Si kila pahala ilifaa, naye alikuwa mwangalifu mno, kila palipo na shaka alitia alama ya kuuliza. Lakini palipofaa palifaa. "Na nyinyi mpaka leo mnafanya hivi?" akaniuliza. "Hata wewe?"

"Alaa, kwani mie si mtu?" nikasema. "Mwanangu ana jina la baba yangu."

Mdomo huponza kichwa. Nilitamba, nikala biskuti yake, nikarudi nyumbani nimejaa fahari, na wala sikuona nilichofanya.

Mwaka haukupita, ikaja barua kwa mkono wa mtu. Baba yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa watu tu, bila karatasi, alikuwa anapofuka. Jicho moja limekwenda, la pili linakwenda, na daktari wa kule kasema utabibu wake mwisho hapo. Barua iliandikwa na jirani. Karani wa mahakama, aliyekuwa akijisifu kwamba hajawahi kukwaruza neno akaliandika tena, kaandikiwa barua na jirani. Nililia jikoni mpaka mke wangu akazima jiko.

Yeye ndiye aliyetafuta daktari wa macho hospitalini kwake, akapata siku. Kilichobaki ruhusa ya kumleta mzee. Fomu ikaja, na ndani yake mstari mmoja: mgeni ni nani wako? Nikiandika baba, watafungua karatasi zangu, na kila moja inasema baba yangu ni mtu mwengine, tena marehemu, kwani ami alishafia Mombasa. Wataniuliza niliingiaje nchini, na mke wangu, na mtoto. Nikiandika ami, basi nimemfanya baba yangu ami kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hati yangu nzuri. Na dini yetu imekataza mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake. Hilo nalijua tangu chuoni. Nilikaa na kalamu siku nne.

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname," mke wangu akasema. "Andika ami. Mzee hangojei karatasi, anangoja macho."

Nikaandika ami.

Fomu ilitaka pia barua ya mtu wa heshima anayenijua miaka mingi, athibitishe kwamba niliyoyasema ni kweli. Nani mwengine ninayemjua? Nikampelekea bibi. Akavaa miwani, akaanza kusoma anavyosoma mawe, kidole chini ya kila neno, midomo inachezacheza. Alipofika kwenye jina la mgeni kidole kikasimama.

Akavuta kadi tupu, akaandika mistari mitatu. Juu jina la mgeni wangu. Katikati jina langu. Chini jina la mwanangu, alilolisikia kwangu mara nyingi, ambalo ni lile lile la juu. Halafu akaandika pembeni jina la ami, lile analoniitia kila asubuhi, akalizungushia duara. Akaigeuza kadi ikanielekea.

"Umenifundisha mwenyewe," akasema kwa upole. "Mtoto hupewa jina la babu yake mzaa baba. Huyu mgeni ni nani?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitazama dirishani, pakapita viatu vyekundu vya mwanamke, pakapita buti. Mle chumbani mlango mmoja, na bibi kakaa karibu nao. Nikamweleza yote, sebule, kibao, bandari, koti. Nilikuwa sijamweleza Mzungu yeyote. Nilipomaliza, akaenda kwenye sanduku akatoa kadi niliyoinakili mwenyewe zamani: jiwe ambalo jina la baba limetindwa kwa patasi na jengine kuchongwa juu yake. Kwenye kadi alikuwa ameandika kwamba ni kosa la mchongaji. Akalikata neno "kosa," akatia alama ya kuuliza.

"Sasa utanisainia?" nikauliza.

"Andika baba, nitasaini sasa hivi," akasema. "Nitakwenda na wewe ofisini, nitakusemea. Lakini ami siwezi. Maisha yangu yote nimetafuta kitu kimoja, nani mwana wa nani. Usinitake niweke uwongo hapo hapo."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya: kwamba yeye anawapenda wafu kwa sababu hawaombi kitu. Hakunishitaki, hakunifukuza, wala hatukulisema tena. Kadi ya mistari mitatu hakuichana. Aliiweka kwenye sanduku la mawe yenye shaka, na kila nikilipita sanduku lile nageuza uso.

Barua nilikwenda kuandikiwa na Mhindi mwenye duka la dawa karibu nasi, mzaliwa wa Mwanza, anaongea Kiswahili cha bara kilichonyooka. Nilimwambia nina ami yangu kule Unguja. "Ami," akasema, akaandika ami, akapiga muhuri, hata hakuniangalia. "Sisi wote tulitoka na kitu, ndugu yangu. Mpe salamu mzee."

Ruhusa ikatoka. Siku ya siku nikaenda uwanja wa ndege na mke wangu na mtoto. Abiria wakatoka, wakaisha, mzee hayumo. Saa nzima tukakodoa macho. Kisha akaja mtu wa Uhamiaji akalitaja jina la ami yangu, nikaitika. Mgeni wangu hasemi Kiingereza cha kutosha, akasema, wana maswali machache, niingie nifasiri.

Chumba hakikuwa na dirisha hata la kuonea viatu. Mzungu mmoja nyuma ya meza, na pembeni mama wa Kihindi mwenye sweta la kijani, kalamu mkononi, anaandika tu. Na kwenye kiti baba yangu. Miaka kumi na minane. Alikuwa mdogo, Mtume, alikuwa mdogo kama kwamba mtu kamfua kwa maji ya moto. Kofia yake safi, mkongojo baina ya magoti, uso kauelekeza ukutani, pale alipodhani pana watu.

"Shikamoo, ami," nikasema.

Uso wake ukashtuka kwa sauti yangu, halafu ukatulia. "Marhaba, mtoto wa ndugu yangu," akasema.

Nilitaka kumwambia kwa haraka, baba, mie hapa, mzima, nimekuja. Mzungu hajui neno. Lakini yule mama wa Kihindi alikuwa ameinua kichwa, na wangapi wao wamezaliwa Mombasa, Kisumu, Tanga! Nikaumeza ulimi. Mzungu akaanza. Amekuja kwa nini? Macho. Atarudi lini? Daktari akimaliza. Nani anamngoja? Mke, kwani baba alishaoa tena, na nyumba yake. Nafasiri kwenda, nafasiri kurudi. Kisha Mzungu akafunika kalamu, akauliza kama mtu anayepitisha wakati, lakini jicho lake liko kwangu:

"Muulize kama ana watoto wake mwenyewe."

Nikamgeukia baba yangu. "Anauliza, una watoto wako mwenyewe?"

Baba hakumwona yule mama. Kwa akili yake mle chumbani tulikuwa watatu, na mmoja hajui tunachosema. Angeweza kuniambia lolote. Angeweza kusema, mwambie sina, lakini usiku wa leo nitakukumbatia. Angeweza kukohoa tu.

"Mwambie sina," akasema. "Mungu hakunijaalia."

Nikageuka. Nikafungua mdomo wangu mwenyewe. "Anasema hana," nikasema kwa Kiingereza. "Mungu hakumjaalia."

Muhuri ukagongwa. Tulipoinuka mkongojo ukaanguka, na yule mama wa Kihindi akauokota, akamtia mzee mkononi. "Shika, mzee wangu," akasema kwa Kiswahili cha Mombasa kisicho na doa. "Pole kwa safari." Kumbe alikuwa amewekwa pale kutusikiliza, na kila neno kalisikia.

Ndani ya treni mke wangu alikaa kiti cha mbele na mtoto aliyelala. Mie na mzee tukakaa pamoja, bega kwa bega, uso wake kaugeuzia kioo asichokiona. Nilikuwa na hasira, na sijui hasira ya nani. Vituo vitatu nikavumilia.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya chini, na neno lilinitoka kwa shida maana nilikuwa sijalisema tangu sebuleni kule, "kulikuwa na haja gani ya kusema huna mtoto?"

Mkono wake ukapapasa, ukalipata goti langu, ukalipigapiga.

"Umejibu vizuri," akasema. Alikuwa anatabasamu, alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mwalimu. "Nilikuwa nasikiliza kwa makini. Hukusita hata pahala pamoja."

Nilitaka akasirike. Wallahi nilitaka anizabe kibao kama kile, mbele ya abiria wote, aniambie mimi ni baba yako, hayawani wee. Badala yake akaendelea kunipigapiga goti, polepole, anatabasamu, mpaka treni ikapunguza mwendo. Akaniuliza tumefika wapi, nikamsomea jina la kituo.